Kitambi cha Maji

Tulichagua vibaya mahali pa kuweka maji. Hilo ndilo tatizo lenyewe, halina chenga. Mpwa wangu alikuwa na shindano moja la baiskeli, kilomita sitini, peke yake barabarani akikimbizana na saa, jua likiwa utosini, na katikati ya hayo yote ilibidi anywe. Chupa ikikaa vibaya inakamata upepo, na upepo ukishaikamata chupa umemkamata na mwenye chupa. Basi watu wazima, wanaolipa kodi ya nyumba na kupiga kura, wakakaa kujadili chupa. Nami nilikuwemo.

Mimi ni mshona viti. Viti vya magari, vya pikipiki, makochi ya watu waliooana juzi. Shule niliiacha mapema na tangu hapo hatujatafutana. Ninachokifahamu ni sponji, uzi na makalio ya binadamu, basi. Upepo siujui. Lakini shemeji yangu, mume wa dada yangu, naye hakuujua, na hilo halikumzuia hata kidogo.

Shemeji ni kinyozi. Ana kibanda cha viti viwili, kioo kirefu chenye ufa unaompa kila mteja kovu la bure, na feni ya kusimama. Siku hizi vijana wananyolewa penye muziki na taa za rangi, kwa hiyo yeye ana muda. Mtu mwenye muda na simu yenye bando ni hatari kuliko mlevi. Mlevi angalau hulala. Shemeji alikuwa anashinda akitazama video za waendesha baiskeli waliofungiwa ndani ya mahandaki wakipulizwa upepo, huku watu wenye makoti meupe wakitikisa vichwa. Akatoka humo profesa. Ukienda kunyolewa ndevu unarudi na ndevu nusu na somo zima la hewa.

Na tuseme kweli, mchezo wenyewe ni kichekesho. Mtu anakata mpini wa mswaki ili mzigo upungue safarini. Ananyoa miguu ili nywele zisibishane na hewa. Anapima uzito wa skrubu kwenye mizani ya viungo, kisha asubuhi ya shindano anakunywa uji bakuli mbili na kuubeba tumboni bila wasiwasi wowote.

Mpwa wangu tunamwita Kidevu, kwa sababu akikaza mwendo kidevu chake kinakaribia kulala juu ya usukani. Huyo alijua kuendesha. Hilo nalisema bila dharau, na usitegemee kulisikia tena kwa mtu mwingine hapa. Kazi yake ilikuwa kupandisha mitungi ya gesi kwenye maghorofa. Mchana mitungi, jioni baiskeli. Mgongo ulikuwa umeshaanza kumlilia, na kwa umri wake mgongo haupaswi hata kujulikana kama upo.

Timu moja inayolipa mishahara ilikuwa inatafuta mwendeshaji mmoja. Si wawili. Msimamizi wao, mzee mkavu aliyejitundika saa za kupimia shingoni kama shanga, watu walimwita Mzee Saa. Aliwaambia vijana wote uso kwa uso: wa kwanza anachukuliwa, wa pili anapewa mkono. Na hatachukuliwa mtu aliyezidi miaka ishirini na saba. Kidevu alikuwa ndani ya huo huo wa ishirini na saba, na uchaguzi mwingine ungekuja ameshauacha. Ama shindano hili, ama mitungi mpaka uzeeni. Mpinzani wake wa kweli alikuwa mmoja, kijana wa klabu nyingine, mrefu kama nguzo ya simu, naye tulimwita hivyo hivyo, Nguzo.

Siku niliyoitwa kibandani nilimkuta Kidevu amepanda baiskeli katikati ya chumba, gurudumu la nyuma limebanwa kwenye stendi. Amevaa suti yake ya mbio, ile ya kipande kimoja inayobana kama soksi, na miguu imenyolewa inang'aa kama mayai ya kuchemsha. Mbele yake feni. Shemeji alikuwa ameichomeka kitana shingoni ili isigeuze kichwa. Na kwenye chupa, kwenye fremu, kwenye kifua na mgongo wa mwanawe, alikuwa amebandika nywele kwa selotepu. Nywele za wateja.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Shemeji, karibu. Rudisha mlango taratibu, unavuruga upepo."

"Hizo nywele za nani?"

"Za yule mama wa kwaya. Ndefu, nyepesi. Za wanaume hazifai, zinasimama tu kama zimegoma."

Kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa fundi bomba wa mtaani kwetu, kichwa kimenyolewa upande mmoja, shuka shingoni. Alikuwa anasubiri upande wa pili. Kwa alivyojikunyata, alikuwa ameshasubiri muda mrefu.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Mimi nilikuja kupunguza."

Shemeji akanieleza elimu yake. Feni ikivuma, nywele ikilala imelala, upepo umepita kwa amani. Ikicheza, pana vurugu, na vurugu ndiyo inayomvuta mtu nyuma. Nikamwambia feni ile haijawahi kuondoa hata inzi usoni pangu, itapimaje kitu. Akasema mimi nashona viti, nitulie.

Kwenye kaunta, kati ya poda na mashine za kunyolea, alikuwa amepanga mali yake. Chupa ya kawaida ya duara. Chupa bapa, nyembamba kama samaki, inayokaa kwenye kishikio chake ndani ya fremu. Chupa ya kufungwa nyuma ya siti. Nyingine ndefu ya kulala kati ya mikono juu ya usukani, yenye mrija uliosimama. Na mwisho mfuko laini wa maji wenye mpira mrefu wa kunyonyea, kama ule unaobebwa mgongoni na watu wanaopanda milima kwa hiari yao.

Ya duara ilifukuzwa haraka. Nywele za nyuma yake zilicheza ngoma. Kwa ile ya nyuma ya siti nywele zilitulia vizuri, lakini Kidevu alipojaribu kuifikia akatetereka mpaka akamshika fundi bomba kichwani, upande ulionyolewa. Ya kati ya mikono ilisifiwa sana, mpaka Kidevu alipoinama na mrija ukamfika kwenye kope.

"Hiyo safi," akasema fundi bomba. "Atafika wa kwanza, chongo."

Ikaja chupa bapa. Nywele zote zikalala isipokuwa mbili za mkiani.

"Baba," Kidevu akasema, "hii naitoa na kuirudisha bila hata kutazama. Ninayo tangu mwaka jana. Mkono wenyewe unajua njia."

"Umeziona hizo mbili?"

"Nimeziona. Ni mbili tu."

"Mbili leo, hapa, kwa feni. Kule barabarani zitakuwa ngapi?"

Kidevu akanyamaza. Huo ndio ugonjwa wake. Ana mapaja ya farasi na ulimi wa mgonjwa aliyekatazwa kuongea. Mtu anayeweza kubeba mtungi begani ngazi baada ya ngazi, lakini hawezi kumwambia babake hapana.

Shemeji akachukua ule mfuko laini, akautia mdomoni, akaupuliza kama puto mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Kwa nini usitie maji?" fundi bomba akauliza.

"Huoni waya hizi? Yakimwagika hapa tunakufa wote, na wewe hujanilipa."

Akaufunga mdomo wa mfuko, akausukuma ndani ya suti ya Kidevu, kifuani, akafunga zipu juu yake. Feni ikawashwa upya. Na kweli, siwezi kusema uongo, nywele zote zililala chali kama zimepakwa mafuta. Zile za kifuani, za tumboni, mpaka za mapajani. Mfuko ulijaza lile pango lililo kati ya mikono na tumbo la mtu aliyeinama, upepo ukakosa mahali pa kuingia. Fundi bomba akapiga makofi ndani ya shuka.

"Umeona?" Shemeji sauti ilimtetemeka. "Umeona, shemeji? Maji yako kifuani, mpira uko kidevuni, hageuzi shingo, hanyanyui mkono. Ananyonya tu!"

"Kama mtoto," nikasema.

"Kama bingwa."

Kidevu akanitazama. Nilimwelewa vizuri. Alitaka mjomba wake aseme neno, kwa sababu mjomba wake ana mdomo na babake humsikiliza kidogo. Lakini nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaona kuumeza ni kupoteza mali.

"Mvisheni sidiria basi tumalize kazi," nikasema. Tukacheka sote watatu. Kidevu hakucheka.

"Sawa, Baba," akasema.

Kazi ya kushona ilikuja kwangu. Shemeji alitaka mfuko wa kitambaa ndani ya suti, wa kushikilia ule wa maji usihame. Akataka na mifuko mitatu ya mgongoni, ile wanayotilia ndizi na makorokoro, ifungwe kabisa, kwa sababu ilikuwa imefumka kidogo na palipofumka hukamata hewa. Akataka zipu, ikishapanda, ifungwe kwa kishikizo cha ndani isije ikateremka njiani.

Nilishona kama ninavyoshona kiti cha lori. Uzi wa nailoni, mshono mara mbili, pembe zimekazwa. Suti niliivisha sanamu la sponji, mfuko nikaupuliza mwenyewe ukajaa, nikapima na kukata juu yake, ukakaa pale kama ulizaliwa hapo. Mimi nimeshona viti maisha yangu yote. Najua kwamba sponji hukaa ilipo na hewa hukaa ilipo, na ndiyo maana watu hukalia sponji na hewa, hawakalii ndoo ya maji. Na bado nilipima kwa hewa, kwa sababu hewa ndiyo niliyoletewa. Kwa hiyo ukihesabu wapumbavu kwenye habari hii, anza na kinyozi lakini usiishie kwake.

Huku nyuma Shemeji alikuwa ameshambulia baiskeli. Akang'oa kishikio cha chupa bapa kwenye fremu. Matundu ya skrubu akayaziba kwa nta ya mshumaa, akailainisha kwa kidole, akarudi nyuma kuitazama kazi yake kama mtu aliyechora picha.

Nilipopeleka suti nyumbani kwao nilimkuta dada yangu anapiga pasi nguo za watu, maana hiyo ndiyo kazi yake. Akaipokea, akaigeuza ndani nje, akavuta mshono.

"Kaka, umeshona nini hapa, kiti?"

"Muulize mumeo."

"Na zipu haifunguki?"

"Haifunguki mpaka amalize."

"Akibanwa na haja je?"

Shemeji akasema bingwa habanwi na haja. Dada akamtazama yule profesa kwa muda, pasi ikitoa mvuke mkononi.

"Mtoto mwenyewe anataka hivi?"

"Amekubali."

"Sijauliza kama amekubali."

Kidevu alikuwa pale pale mlangoni, anafunga kamba za viatu. "Ni sawa tu, Mama," akasema. Dada akarudisha macho kwenye kola za watu. Ana maneno makali, lakini akishamwona mwanawe anajikunja namna ile huwa anamwacha, eti ni mtu mzima. Mtu mzima wa kuvishwa chuchu.

Siku ya shindano barabara ya kiwanda cha saruji ilifungwa magari. Kwenda mpaka kwenye pipa jekundu lililowekwa katikati ya njia, kulizunguka, kurudi. Waendeshaji wanaachiwa mmoja mmoja. Nguzo alikuwa ameshaondoka, na mtu wa mwisho kabisa kuondoka alikuwa Kidevu. Kila mwendeshaji aliruhusiwa ndugu mmoja wa kumpa maji pale kwenye pipa, kwa sababu pale mtu hupunguza mwendo. Penginepo ukipokea kitu unafutwa. Ndugu huyo nilikuwa mimi. Nilichukua chupa moja ya kawaida, ya duara, ile ile iliyofukuzwa. Shemeji akacheka.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kwangu. Mimi nina kiu."

Mfuko ulijazwa maji pale kwenye mstari, mara ya kwanza tangu uingie katika ukoo wetu. Shemeji akamimina na jagi kwa mkono wa mganga. Zipu ikapandishwa, kishikizo kikafungwa. Kidevu alipokuwa amesimama, si haba. Alionekana mtu aliyekula akashiba. Kisha akapanda baiskeli, akainama, akaweka mikono kwenye usukani kama anavyokimbia.

Maji hayakukaa kifuani. Kwa nini yakae? Yalishuka yote yakatafuta chini, yakavuta mfuko, mfuko ukavuta kitambaa, na mshono wangu, kwa kuwa ni mshono wa lori, haukukatika hata uzi mmoja. Ukaning'inia chini ya tumbo lake kama kiwele.

Mzee Saa akaja, akainama, akachungulia.

"Huyu ana nini? Ana mimba?"

"Ni maji, mzee," Shemeji akasema.

"Maji ya uzazi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Saa akafungua kijitabu cha kanuni, akakifunga. "Kanuni zinakataza kusukumwa na kujificha nyuma ya gari. Juu ya kitambi hazisemi. Jiandae, kijana."

"Baba," Kidevu akasema chini chini, "magoti yanagusa."

"Ukishika mwendo itajipanga."

"Magoti yanagusa sasa hivi."

"Upepo utaipandisha! Inama. Inama zaidi!"

Akaachiwa. Sisi wawili tukarukia pikipiki yangu, tukapita barabara ya vumbi ya nyuma ya kiwanda kuwahi kwenye pipa. Njia nzima Shemeji alikuwa ananipigia kelele sikioni kuhusu hewa. Niliona magoti yale tu kichwani.

Tulifika Nguzo akiwa anageuza. Alikuwa na chupa ya duara kwenye fremu, kizamani kabisa, imefubaa, ina jina la duka la rangi. Akaitoa, akamrushia ndugu yake, akapokea nyingine, akaichomeka bila kutazama, akaondoka. Shemeji akamsikitikia.

"Umeona vurugu ile nyuma ya chupa?"

"Sikuiona. Hakubandika nywele."

Kisha akatokea Kidevu. Kabla hatujamwona vizuri tulisikia. Pwa, pwa, pwa, pwa. Goti la kulia, goti la kushoto, kila zungusho la pedeli linapiga kile kiwele. Na kila likipiga, maji yanapanda kwenye mpira na kumrukia mdomoni, atake asitake. Akifunga mdomo, yanamwingia puani. Uso mzima umelowa, macho mekundu, anakohoa kama mtu aliyeokolewa mtoni. Na bado, sikiliza hili, bado msaidizi wa Mzee Saa aliyekaa pale kwenye pipa alipiga kelele kwamba kwa saa yuko mbele ya Nguzo. Mbele! Na lile dude tumboni. Ndiyo maana nilisema huyu alijua kuendesha.

"Mjomba!" akaniita. "Maji yameisha!"

"Yameishaje? Lita nzima?"

"Nimeyanywa bila kutaka!"

Nikamnyooshea chupa. Akaipokea huku anazunguka pipa, akapiga mafunda mawili. Mkono ukashuka wenyewe kwenye fremu, pale palipokuwa na kishikio mwaka mzima. Ule mkono uliojua njia. Ukagusa chuma kitupu na nta. Akapeleka chupa mgongoni, kwenye mifuko. Mifuko nilikuwa nimeifunga mimi, mshono mara mbili. Akatafuta pa kupenya, akakosa. Akajaribu kuibana kwa meno, ilikuwa nene. Akaenda nayo mkononi hatua kadhaa, baiskeli inayumba kwa mkono mmoja kama ya mtu anayejifunza, upepo wa mbele ukiwa ndiyo kwanza umemkaribisha. Kisha akaiachia. Ikaanguka kwenye lami, ikabingirika, ikaja ikasimama karibu na kiatu cha Shemeji ikiwa imejaa karibu yote.

Shemeji aliitazama ile chupa. Hakuiokota.

"Ungeniambia," akasema.

"Nikwambie nini?"

Tukapanda pikipiki.

Safari ya kurudi ilikuwa upepo wa uso mtupu, hakuna mti wala ukuta, vumbi la saruji tu. Katika barabara ya nyuma kuna mahali unaweza kuiona barabara kuu, tukasimama hapo. Akapita. Sasa ule mfuko ulikuwa mtupu, lakini lile tundu la kola nililoliacha la kupitishia mpira lilikuwa linakunywa hewa. Kitambaa chote cha kifuani kikavimba, duara safi, limekaza, halitikisiki. Hatimaye lilikuwa na umbo lile lile la kibandani, umbo la feni, isipokuwa kubwa mara tatu. Alikuwa anavuta zipu kwa mkono mmoja ateremshe, na zipu haikushuka, kwa sababu nilishona mimi, na mimi nikishona kitu hakifunguki.

"Imejipanga," Shemeji akasema, kwa sauti ndogo. Sijui alikuwa anasema na nani. Ningekuwa na nguvu ningempiga, lakini mikono ilikuwa kwenye usukani na nusu ya makofi yalikuwa yangu.

Kidevu alikamatwa na misuli ya paja kabla ya mstari. Tuliona tukiwa tumeshafika. Mguu mmoja ulikataa, akawa anapiga pedeli kwa mguu mmoja na wa pili unaburutwa tu na mwenzake, mdomo wazi, midomo imepasuka, kidevu kimeinuka juu. Mara ya kwanza maishani kukiona kidevu kile kimeinuka. Alikata mstari akaangukia majani ya kando ya barabara.

Mzee Saa akatazama saa zake moja baada ya nyingine. Zote zilisema jambo moja. Nguzo alimzidi kwa muda unaotosha mtu kutoa chupa, kupiga funda moja, na kuirudisha mahali pake. Si zaidi ya hapo. Mzee yule alikuja mwenyewe mpaka kwenye majani, akainama, akampa Kidevu mkono, kama alivyoahidi. Kisha akageuka kwa Shemeji.

"Wewe ndiye mtaalamu?"

Shemeji, ambaye kwa wiki nzima hakuna aliyeweza kumnyamazisha, akasema yeye ni kinyozi.

"Ahaa," Mzee Saa akasema, akaenda zake kuandika jina la Nguzo.

Suti haikufunguka. Ilibidi niikate kwa mkasi wangu wa kazi, kuanzia shingoni. Chini yake zipu na kingo za mfuko zilikuwa zimemla kifua, pamebaki pekundu pabichi. Dada alikuwa amefika kwa miguu kutoka kwenye mstari wa watazamaji, na beseni lake la maji na kitambaa safi cha kupigwa pasi. Akapiga magoti, akaanza kumfuta. Baadaye akauliza, bila kumtazama yeyote kati yetu wawili tuliosimama kama washtakiwa:

"Mwanangu. Wewe ulitaka ipi?"

"Ile bapa," Kidevu akasema.

"Ulisema?"

"Nilisema."

Shemeji akatazama viatu vyake. Mimi nikafunga mkasi nikautia mfukoni.

Gharama yake ni hii. Nafasi moja, na ilikuwepo hiyo moja tu, na miaka ishirini na saba haijirudii. Ngozi ya kifua, upana wa kiganja, imepona lakini nywele hazioti tena pale, jambo ambalo babake sasa hathubutu kulitolea maelezo. Suti moja, imekatwa vipande, nafutia mafuta ya cherehani. Baiskeli imetundikwa ukutani na nta yake kwenye matundu. Kinyozi anakula chakula chake kibandani, maana nyumbani hakuna anayemsemesha. Na mpwa wangu anapandisha mitungi, miwili kila safari, mmoja kila bega, ghorofa nne, na lile jengo halina lifti.